Rangi ya Kuuzia Injini na Rangi ya Kukaa Nayo

Injini ya mtumba inayosubiri mnunuzi haikosi kung'aa. Pita Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, utazikuta zimepangwa juu ya matairi chakavu na vipande vya mbao, zimepulizwa rangi ya fedha kutoka juu hadi chini: bloku, sampu, nati, mipira ya maji, hata waya uliosahauliwa ukining'inia. Ifunge moja kwenye gari, iendeshe miezi michache, kisha fungua boneti. Rangi imeanza kuachia magamba, kwanza pale oili inapopenda kuvujia, halafu kwenye kona ambazo brashi ya kusafishia haikufika. Chini ya magamba kuna oili ileile ya zamani pamoja na vumbi lake.

Hiyo ni rangi ya kuuzia, na kazi yake huisha siku mnunuzi anapolipa. Ipo nyingine, anayopaka mtu ambaye injini ni yake na hana mpango wa kuachana nayo. Tofauti ya hizi mbili haimo ndani ya kopo. Rangi ghali iliyopigwa juu ya oili ni poda juu ya jasho. Rangi ya kawaida iliyokuta chuma kisafi hukaa miaka. Fundi rangi mzuri anajua kwamba saa za kupuliza ni chache, za kusugua ndizo nyingi. Taabu ni kwamba mteja hulipia anachokiona, na kusugua hakuonekani. Bei ikishabanwa, kinachopunguzwa kwanza ni kile ambacho jicho halikifuati.

Mnunuzi mwenye macho makali anaweza kuzitambua bila kuuliza. Rangi iliyopita juu ya gasketi, juu ya mpira na juu ya vichwa vya nati kwa pamoja ilipigwa injini ikiwa imefungwa kama ilivyo, hakuna aliyeifungua. Pitisha ukucha chini ya pua ya bomba la maji. Ukitoka na kitu cheusi kinachonata, umeshapata jibu. Halafu tafuta namba ya injini. Namba hiyo imeandikwa kwenye kadi ya gari, na askari au mkaguzi anayo haki ya kuilinganisha. Ikiwa imezibwa kwa rangi nene hadi haisomeki, muuzaji aikwangue mbele yako kabla hujatoa hata shilingi.

Turudi kwa anayekaa na injini yake. Si kila injini inataka rangi. Magari mengi madogo yanayoingia kutoka Japani yana bloku za aluminiamu. Ile 1NZ-FE ya cc 1,500 iliyojaa mitaani kwetu haina haja nayo kabisa. Aluminiamu ikikutana na hewa hujivika utando mwembamba wa oksaidi unaoikinga, na rangi haiishiki vizuri bila praima maalumu ya kuuma chuma. Kuipaka ni kujitafutia kazi. Inayohitaji rangi ni bloku ya kasti, yaani chuma cha kusubu: Land Rover za zamani, Land Cruiser yenye 1HZ ya dizeli, Hiace za 2L na 3L, Peugeot 504, malori, matrekta, jenereta, mashine za mashua.

Nitaichukua Land Rover kuwa mfano, kwa kuwa ndilo gari ambalo Afrika Mashariki imekataa kulizika. Injini yake ya petroli ya cc 2,286 ilianza kufungwa mwaka 1958 ilipotoka Series II, ikaendelea pamoja na marekebisho hadi Series III ilipofikia mwisho wake mwaka 1985. Kiwanda cha Thika, kilichoitwa Leyland Kenya kabla ya kuwa Kenya Vehicle Manufacturers, kiliziunganisha Land Rover hapahapa. Oktoba 2024 Arusha iliandaa tamasha la magari hayo, yakaja kwa mamia, mengi yakiwa na umri mkubwa kuliko madereva wake. Bloku ya injini hiyo ni kasti na silinda hedi yake ni kasti vilevile, kwa hiyo anayeifufua ana chuma kingi cha kushughulikia.

Na kasti ina tabia zake. Ndani yake mna kaboni nyingi, kati ya asilimia 2.5 na 4 hivi, ambayo sehemu kubwa imejipanga kuwa vipande vidogo vya grafaiti. Uso wake haukuchongwa. Ulitoka kwenye kalibu ya mchanga, una chunusi na vijitundu. Uso wa namna hiyo unaishika rangi kuliko bati laini la bodi. Lakini uso huohuo unakunywa oili. Bloku iliyofanya kazi miaka 40 utaifuta ikauke kabisa, uiweke juani, na baada ya muda itoe jasho la oili kutoka kwenye vijitundu ambavyo hukujua vipo. Tabia ya pili: kasti tupu iliyosafishwa haisubiri. Kwenye hewa ya Pwani, ukiiacha ikiwa na unyevu ukaenda kunywa chai, utarudi uikute imeota ukungu wa kutu ya kahawia.

Hapa ukweli mmoja usemwe, hata kama utawaudhi wapenzi wa injini zinazometa. Kutu ya nje haijaua injini nyingi. Kuta za bloku ni nene, na kuzitoboa kutoka nje ni kazi ya miaka mingi sana. Kinachoziua ni kutu ya ndani, inayoletwa na maji ya bomba yaliyomiminwa kwenye rejeta mwaka hadi mwaka badala ya kulanti. Hiyo ndiyo inayokula vile vifuniko vya mviringo vya bati vilivyogongomelewa kwenye matundu ya ubavuni mwa bloku, hadi siku moja maji yaanze kuchirizika. Rangi haigusi ugonjwa huo. Vifuniko vyenyewe vibadilishwe kabla ya kupaka, kwani kuving'oa baadaye ni kuitia bisibisi na nyundo kazi ambayo haijakauka hata mwaka.

Basi rangi ya nini? Kwanza, chumvi. Gari linaloishi Tanga, Mombasa au Unguja linavuta hewa ya bahari usiku na mchana, na chumvi iliyotua kwenye chuma huvuta unyevu hata siku ya ukavu. Pili, usafi: uso wenye rangi unafutika kwa kitambaa, kasti tupu haifutiki. Tatu, na kwangu hii ndiyo kubwa, injini iliyopakwa vizuri inajieleza. Oili ikianza kutoka kwenye gasketi ya kifuniko cha vali, unauona mstari wake unapoanzia na unaposhukia. Kwenye bloku iliyovaa tope la miaka 20, kila mahali panavuja na hakuna panapovuja.

Kazi inaanza kwa kushusha injini. Wapo wanaopaka ikiwa ndani ya gari, na kwa sehemu ya juu inawezekana. Huko nyuma karibu na gia boksi na chini ya manifodi ni kujidanganya. Wakati mzuri kuliko yote ni injini inapofunguliwa kwa matengenezo makubwa, bloku iko uchi na inakwenda kuchongwa silinda. Mpangilio hapo una maana: isafishwe, iende kwa fundi wa mashine, irudi, isafishwe tena, ndipo ipakwe. Anayepaka kabla ya kuchonga atarudishiwa bloku yenye alama za vibanio vya mashine na mafuta ya kukatia yaliyopenya kila mahali.

Tope lililochanganyika na oili, likakaangwa na joto la injini, halitoki kwa maji. Likwanguliwe kwanza likiwa kavu, kwa patasi butu na brashi ya waya, mpaka chuma kianze kuonekana. Dawa ifuate baadaye. Kwenye gereji bubu dawa hiyo kwa kawaida ni petroli au dizeli ndani ya kopo lililokatwa. Petroli iachwe. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini mpaka kwenye jiko la mama ntilie au kwenye cheche za grenda ya jirani. Dizeli na mafuta ya taa yanalainisha kweli, lakini yenyewe pia ni mafuta na yanaacha utando. Aliyesafisha kwa dizeli akaishia hapo ameondoa oili nzito na kuacha nyepesi. Lazima sabuni ifuate: maji ya moto, sabuni ya unga bila ubahili, brashi ngumu, suuza, kisha upya tena. Povu likiwa bado la kijivu mara ya pili, kuna mara ya tatu.

Karakana kubwa huchemsha bloku kwenye tangi la kostiki soda, ambayo huilegeza grisi na kuisombea nje. Kwa kasti ni kazi safi sana. Kwa aluminiamu ni balaa: inaila huku ikitoa hidrojeni, na kifuniko cha taimingi kilichosahauliwa humo kitatoka kimejaa mashimo. Beringi za kemshafti zilizobaki ndani nazo haziponi. Na asiye na miwani na glavu ndefu asilikaribie tangi hilo, kwani tone moja jichoni linatosha kumpa kilema.

Baada ya grisi, kutu. Brashi ya waya kwenye grenda inamaliza sehemu kubwa, ila haifiki kwenye mabonde na nyuma ya mabega ya bloku, na hapo ndipo wengi huelekea kwenye kupuliza mchanga. Ni njia ya haraka na inaacha uso wenye meno ya kushikia rangi. Tatizo ni kwamba ndani ya bloku mna njia nyembamba za oili, zenye pembe na mwisho uliozibwa, na chembe chache zilizojificha humo zinatosha kukwaruza beringi za kranki katika dakika za kwanza baada ya kuwasha. Anayepuliza mchanga bila kuziba kila tundu, na bila kuzisugua njia hizo kwa brashi ndefu baada ya kumaliza, anacheza kamari na injini nzima. Pwani kuna kosa la ziada, nalo ni mchanga wa ufukweni. Ni wa bure, lakini umejaa chumvi. Unaondoa kutu ya leo na kupanda ya mwezi ujao. Vumbi la mchanga wenyewe, hata wa mtoni, huharibu mapafu kwa namna isiyo na tiba, na kitambaa kilichofungwa mdomoni hakilizuii.

Kwa mwenye subira ipo njia ya upole. Pipa la plastiki, maji, magadi soda kama yale ya Ziwa Magadi, na chaja ya betri. Waya hasi unafungwa kwenye bloku, chanya kwenye kipande cha chuma cha kawaida kilichozamishwa mbali nayo bila kuigusa. Kutu inalegea polepole na kugeuka tope jeusi linalosuguka kwa brashi ya nailoni, na chuma kizima hakiliki. Upande wa chanya usitumie chuma cha pua, maana huachia kromiamu yenye sumu ndani ya maji. Pipa likae nje penye upepo, mbali na sigara, kwani mapovu yanayopanda ni hidrojeni na oksijeni. Kutu inayobaki kwenye vijitundu hupakwa dawa yenye asidi ya fosforiki, inayoigeuza kuwa utando wa kijivu wa fosfeti. Utando huo rangi inaupenda, alimradi asidi iliyozidi ioshwe au ifutwe kama kopo linavyoelekeza. Asidi iliyofungiwa chini ya rangi itaivimbisha.

Sasa kipimo, ambacho hakigharimu chochote na ambacho ningetaka kila mwenye gari akidai kabla rangi haijafunguliwa. Mwaga maji safi juu ya bloku. Yakitandaa yakawa utando mmoja usiokatika, chuma ni kisafi. Yakijikusanya kuwa matone au yakakimbia sehemu fulani, hapo pana oili, hata kama jicho linasema pamemeta. Rudia sabuni. Kipimo kikipita, ikaushe bloku haraka kwa upepo wa kompresa, na kompresa yenyewe iwe na kichujio, kwa kuwa nyingi hutema maji na oili yake. Iweke kwenye jua la mchana ipate joto hadi ndani, usubiri lile jasho. Likitoka, lifutwe kwa kitambaa cheupe kisichoacha nyuzi kilichotiwa thina, ukigeuza upande safi kila mara. Kitambaa kikitoka cheupe, umefika. Kuanzia hapo bloku isiguswe kwa mkono mtupu. Nyuso zilizochongwa, kama ile inayokaliwa na silinda hedi, pamoja na silinda zenyewe, zipewe oili nyepesi zisishike kutu, na oili hiyo isivuke mpaka.

Kufunika sehemu zisizotakiwa rangi ni kazi ya uvumilivu tu. Gasketi ya zamani ya hedi inafaa kufunika uso wa juu wa bloku. Nati na bolti mbovu zinaziba matundu yenye gurufu. Karatasi na selotepu ya karatasi vinamaliza mengine. Mawili hayasamehe. La kwanza ni mahali pa waya wa ethi. Rangi haipitishi umeme, na gari nyingi zilizotoka kupakwa rangi zimeshtakiwa kuwa na stata mbovu au betri iliyokufa, kumbe waya wa ethi umefungwa juu ya rangi. Vivyo hivyo kwa sensa za presha ya oili na za joto zinazopata ethi yake kupitia gurufu. La pili ni namba ya injini: ipakwe utando mwembamba sana, au ifunikwe na baadaye iguswe kwa oili.

Kuhusu aina ya rangi, watu hukosea kwa kuogopa joto kupita kiasi. Maji ya injini yenye afya huzunguka kati ya nyuzi 80 na 100 za Selsiasi, na oili hupanda juu ya hapo ikiwa na mzigo mlimani. Rangi za injini zinazouzwa madukani nyingi huandikwa kuwa zinahimili nyuzi 260 hivi, kwa hiyo bloku haiwezi kuzishinda. Manifodi ya eksozi ndiyo inayofika nyuzi mamia kadhaa, na ina rangi yake yenye silikoni. Sasa mtu husema, kama ile ya eksozi inavumilia moto mkubwa zaidi, si ndiyo bora kwa bloku pia? Hapana. Rangi hiyo huiva ikichomwa kwa joto ambalo bloku haifikii kamwe. Kwenye bloku itabaki laini, na petroli ya kwanza itakayodondoka itaondoka nayo.

Rangi ya mafuta ya milango na madirisha nayo ni ya kuiacha mlangoni. Joto huigeuza njano na petroli huilainisha. Epoksi ya kuchanganya na hadna ni ngumu, haijali oili wala petroli, na udhaifu wake wa kuchujuka juani haina nafasi ya kuuonyesha chini ya boneti. Rangi za bodi za kuchanganya na hadna pia hudumu, lakini hadna zake nyingi zina aisosayaneti, zinazoweza kumpa fundi pumu ya maisha. Barakoa ya vumbi haisaidii hapo, inatakiwa yenye kichujio cha gesi, na bora zaidi yenye kuletewa hewa safi. Vijana wengi wa gereji zetu hawana hata ile ya vumbi, na mwenye gari anayebishania bei ajue anabishania mapafu ya nani.

Kuna imani kwamba rangi huzuia injini kupoa. Tabaka zote pamoja ni kama sehemu ya kumi ya milimita au zaidi kidogo, na joto kubwa la injini hubebwa na maji hadi kwenye rejeta. Tope la oili lenye unene wa kidole ndilo blanketi, na mbona hilo halimwogopeshi mtu. Imani nyingine inatoka kwa waunda injini za mashindano wa Marekani, ambao baadhi yao hupaka hata ndani ya bloku kwa Glyptal, rangi nyekundu ya kuhami umeme iliyotokana na kampuni ya General Electric, ili oili irudi haraka kwenye sampu na chembe za kalibu zifungwe mahali pake. Kwa bloku iliyokwisha kunywa oili nusu karne, singethubutu. Rangi ikibanduka nje ni aibu. Ikibanduka ndani inakwenda moja kwa moja kwenye chujio la pampu ya oili.

Siku ya kupaka ichaguliwe kwa hali ya hewa. Kanuni ya wapaka rangi za vyuma ni kwamba unyevu wa hewa usizidi asilimia 85, na chuma kiwe na joto la nyuzi 3 au zaidi juu ya kiwango ambacho umande hutua. Asubuhi nyingi za Dar es Salaam na Mombasa zinashindwa masharti yote mawili, sembuse za masika. Subiri jua lipande, bloku ipate uvuguvugu, ndipo uanze. Arusha na Nairobi unyevu ni wa chini zaidi mchana, ila bloku iliyolala nje usiku wa Julai ni baridi hadi saa sita.

Praima kama kopo linaitaka. Ya fosfeti ya zinki inatosha, nyembamba. Pati isitumike hata kidogo, kwani joto litaipasua, na chunusi za kalibu ndizo sura halali ya bloku. Kisha rangi tabaka mbili au tatu nyembamba, ya kwanza ikiwa vumbi tu la kushikia nyingine, pua ya spreyi ikiwa sentimita 20 hadi 30 kutoka kwenye chuma. Anza na kona na mabonde, malizia na sehemu pana. Brashi nayo si dhambi. Kwenye kasti yenye chunusi inasukuma rangi ndani ya vijitundu kuliko spreyi. Jambo moja tu la kuheshimu ni muda kati ya tabaka. Rangi nyingi za makopo zinataka tabaka linalofuata ndani ya saa moja, au basi usubiri siku kadhaa. Anayeingia katikati, rangi ya chini ikiwa nusu mbichi, ataiona ikikunjamana yote mbele ya macho yake, na dawa yake ni kukwangua na kuanza upya.

Rangi gani? Hapo kila kiwanda kilikuwa na yake. Injini nyingi za Land Rover za miaka ya 1960 zilikuwa na buluu hafifu inayoelekea kijani. Ford ya Marekani ilikusanya injini zake chini ya buluu moja mwaka 1966, V8 za Chevrolet zilijulikana kwa rangi ya chungwa, na Caterpillar iliacha kijivu ikaenda manjano mwaka 1931. Kwa anayepeleka gari kwenye mashindano ya Concours d'Elegance kule Ngong Road, Nairobi, ambako majaji hufungua boneti na kuchungulia, rangi ya kiwandani ni jambo la alama. Kwa gari la kazi ningechagua kijivu cha wastani au buluu hafifu. Nyeusi huficha uvujaji, jambo lilelile tulilotaka kulifichua. Ya fedha huonyesha kila alama ya kidole na haifutiki vizuri. Na rangi ya kisasa isiyong'aa hunasa vumbi, hata ikipendeza kwenye picha.

Ikishapakwa, isifungwe siku ileile. Ikiguswa unaiona imekauka, kumbe ndani bado. Siku saba za kawaida ndizo zinazoifanya ivumilie spana na petroli. Joto linaharakisha: bloku tupu inaweza kupashwa kwa taa kali au kuachwa juani mchana mzima. Wengine huiivisha kwa kuwasha injini dakika chache, kuizima ipoe, kisha kuiwasha kwa muda mrefu kidogo. Kwa injini isiyoguswa ndani njia hiyo inafaa. Kwa iliyotoka kuchongwa silinda na kuwekewa ringi mpya, na hasa ya dizeli, kuiacha ikinguruma bila mzigo kunang'arisha kuta za silinda kabla ringi hazijajikalia, na matokeo yake ni injini inayokula oili maisha yake yote. Hapo rangi isubiri ringi: iachwe ikauke siku zake kwenye benchi, na injini ikishawashwa iende barabarani ikafanye kazi. Moshi mwepesi na harufu siku ya kwanza visimshtue mtu.

Spana itateleza siku moja ikwangue pembe, au hedi itafunguliwa na bolti ziache duara tupu kuzunguka vichwa vyake. Rangi iliyobaki ihamishiwe kwenye chupa ndogo ijazwe hadi shingoni ili hewa isipate nafasi, iandikwe jina la rangi na tarehe, iwekwe kivulini. Kama ni ile ya kuchanganya na hadna, itunzwe kabla ya kuchanganywa. Mkwaruzo ukitokea, futa kwa thina, piga msasa namba 320 kidogo, gusa kwa brashi ya mtoto ya kuchorea. Ni kazi ya dakika kumi, ifanyike wiki hiyohiyo, maana kutu ikishapata mlango huanza kutambaa chini ya rangi iliyo nzima, na ukiiona juu imeshafika mbali.